Nondo Juu ya Paa la Shitanda

Kiamaiko, 9 Machi 2025

Senge mpendwa,

Mulembe. Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu Alhamisi. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama wa mtu aliyevunja muwa gotini. Nilikuwa nimesimama uani nikizungumza na Matheka, yule mchinjaji wa chumba cha mwisho, na sote wawili tukatazama chini kuona nani amekanyaga nini. Halafu watu wakaanza kumiminika kutoka kwenye lile jengo la orofa sita linalotazamana na lango letu. Mwanamume mmoja alitoka na povu la sabuni kichwani. Nguzo ya chini ilikuwa imepasuka. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kufikia jioni jengo lilikuwa tupu, na magodoro yamepangwa kando ya njia hadi kwenye mazizi ya soko la mbuzi.

Ningekuandikia hata bila mlio huo, maana benki imejibu. Mkopo umekubaliwa. Tangu baba afariki, hati ya ploti ina majina mawili, langu na lako wewe dada yake, kwa hiyo wanataka saini mbili. Wakishazipata, Ngigi mkandarasi ataanza kupandisha orofa mbili juu ya vyumba vyetu vinane. Ramani ameshaleta. Alisimama uani akaelekeza kidole kwenye nondo ambazo baba aliacha zimechomoza juu ya slabu, akasema, "Mzee alikuachia kazi imefika nusu. Hizi nondo zinaita."

Hapa kila nyumba ina nondo zake zinazochungulia angani zikingoja orofa ijayo. Isiyo nazo watu husema imekata tamaa. Za kwetu nimezitazama tangu nikiwa mdogo, baba alipokuwa akitutoa nyumba za reli kule Makongeni kila Jumapili kuja kuiona ploti, na niliamini kwamba zinakua polepole kama mahindi. Siku hizi wapangaji wamefunga kamba za nguo juu yake. Wiki hii nimeacha kuzitazama zinapoelekea juu. Najiuliza zinashuka mpaka wapi.

Nisaidie kwa jambo moja. Ulikuwepo msingi ulipochimbwa? Ulikwenda chini kiasi gani? Familia nane zinalala hapa. Kabla sijaweka nyingine kumi na sita juu ya vichwa vyao, nataka kujua zote zitakuwa zimekaa juu ya nini.

Mwanao,
Ayuma


Malava, 17 Machi 2025

Ayuma mukhana, binti wa ndugu yangu,

Mulembe nawe. Wakoli na basi lake walileta barua yako ikiwa imesafiri chini ya katoni ya vifaranga, kwa hiyo niliifuta kwanza ndipo nikaisoma. Asante kwa kuandika kwenye karatasi. Simu nimeiacha. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki tu, na zile jumbe zenu herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa, halafu wajukuu wanazisoma kabla yangu na kunipa habari zangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Jengo linalopasuka ni la mtu aliyepunguza saruji. Baba yako hakuwa mtu wa kupunguza. Alikuwa mtu wa reli, na reli ikipinda kidogo treni inalala ubavu. Makongeni nzima ilijua Shitanda anachimba msingi wa ghorofa. Mimi mwenyewe niliwatangazia wanawake wote wa soko la Jericho, na wengine walininunia. Weka saini yako, unitumie karatasi niweke yangu.

Nakujua unavyowaza mpaka unaumwa kichwa. Ulikuwa hivyo tangu utotoni. Tulikutuma chumvi, ukarudi na swali. Basi nikupe ya kuwaza yenye faida. Miaka yote niliyokusanya kodi hapo, mwaka wangu ulikuwa na miezi kumi na moja, kwa sababu mwezi mmoja lazima chumba kimoja kiwe tupu au choo kizibe. Anayehesabu kumi na miwili ndiye unayemwona Agosti akiuza friji. Dipoziti si pesa yako. Ni ya mpangaji, imekuja kulala tu kwako, usiinunulie viatu. Usiende kudai kodi Jumapili ukiwa na nguo za kanisa. Watu watakuchukia wewe pamoja na Mungu. Na jamaa usimpangishe! Jamaa akimaliza mwezi mmoja anaanza kuiita ploti "kwetu", na siku utakapomwambia alipe, kikao kitaitwa huku Malava na wewe ndiye utakayeshtakiwa.

Nina sababu ya kukuharakisha. Nilisimama kwenye jua la Jericho na sukuma wiki hadi magoti yakaisha. Wewe umesoma, sawa, lakini hizo kazi zako za mkataba zinayeyuka kama sabuni kwenye karai. Nataka niondoke duniani nikijua una paa linalokulisha.

Senge wako,
Khavere


Kiamaiko, 1 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Ushauri wako nimeupokea, na ule wa miezi kumi na moja nimeubandika ukutani. Nimeanza pia kumwekea kila mpangaji mita yake ndogo, ili kila mmoja anunue tokeni zake. Ile kanuni yetu ya zamani, kwamba mtu asichemshe maharagwe kwa umeme kwa kuwa bili ni moja, ilikuwa imewageuza wapangaji wote kuwa waongo. Mourine wa chumba cha tatu amekiri kwamba alikuwa akikaanga vitunguu mlangoni ili harufu ya maharagwe isinifikie.

Karatasi za benki nimezifunga humu uzione, lakini kuhusu saini, nipe muda. Kuna jambo dogo la udongo ambalo ningependa kulielewa. Usijali.

Ayuma


Malava, 9 Aprili 2025

Ayuma,

Usijali! Mtu akiniambia nisijali ndipo ninapovaa miwani. Wakoli anasema alipokuja kuchukua barua yako alikuta shimo nyuma ya chumba cha Matheka, limefunikwa nusu kwa bati, na msichana mwenye kofia ya plastiki amekaa pembeni anakula mahindi ya kuchoma. Mtu hachimbi shimo uani kwake ila anazika au anafukua.

Nimewaza mengi. Nimewaza umepata mwanamume naye amekushauri uuze. Nimewaza benki imekutapeli nawe unaona haya. Niliwauliza wanawake wa kanisa, wakaniambia siku hizi kuna wasichana Nairobi wanaofukua mali za baba zao kwa maagizo ya manabii. Kama ni nabii, mfukuze. Kama ni mwanamume, nitajie ukoo wake. Na kama ni udongo, sema huo udongo umefanya nini.

Barua yako ilikuwa fupi mno, mtoto wa ndugu yangu. Wewe ukiandika kifupi, kuna kitu umekikalia.

Khavere


Kiamaiko, 22 Aprili 2025

Senge,

Hakuna nabii, na mwanamume pia hakuna. Angekuwepo, ukoo wake ungekuwa umeshaupata kwa Wakoli. Yule mwenye kofia anaitwa Muthoki. Tulikuwa chuo kimoja, yeye akisomea uhandisi wa majengo, na nilimwomba aje kabla sijaweka jina langu popote.

Tulichimba kando ya nguzo ya nyuma. Nilidhani tungechimba siku nzima, hata nikampikia. Shimo lilipofika magotini Muthoki akaweka jembe chini. Zege lilikuwa limeishia hapo. Chini yake hakuna kitu ila ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Kisha alipanda juu akabomoa kidogo kuzunguka nondo. Zinaingia kiasi cha mkono mmoja na kuishia hapo. Hazikufungwa na nondo za chini hata kidogo. Zimesimama juu ya nyumba yetu kama vijiti vilivyochomekwa kwenye ugali.

Nilimwita Ngigi aone. Alichungulia shimoni huku mikono iko mfukoni.

"Madam," aliniambia, "tukianza kuchimbua misingi ya Kiamaiko, hakuna atakayepata pa kulala."

"Na tusipochimbua?" Muthoki akamuuliza.

"Tunaongeza nondo kidogo, tunamwomba Mungu."

"Mungu hajasaini ramani yako."

Ngigi akacheka, kisha akaniambia pembeni kwamba rafiki yangu ana mdomo na hatapata mume. Nilikwenda hadi benki kuuliza waliukubali vipi mkopo wenyewe. Kumbe mthamini wao alisimama njiani, akaziona nondo, akaandika kwamba nyumba inaweza kupandishwa. Hakufungua hata lango. Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi, mpaka nikakumbuka kwamba hicho ndicho tulichofanya sote, miaka yote.

Na hata kama msingi ungekuwa mzima, nimesoma masharti yale tena. Tunaanza kulipa mara tu Ngigi anapoanza kujenga, wala si siku wapangaji wapya watakapoingia. Vyumba vinane vingebeba deni la kumi na sita vilivyo hewani, huku saruji na vumbi vikiwafukuza hata hawa tulio nao.

Wapangaji walisikia kila kitu. Ukuta wa uani hauna siri. Mourine aliangalia kamba zake za nguo akasema, "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa nikianika chupi kwenye uwongo?" Matheka akamjibu, "Sema zako. Mimi zangu naanika ndani, naheshimu watu." Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango.

Ndiyo, Senge, chumbani kwangu. Hilo nalo nilikuwa nimelikalia. Mkataba wangu wa mwisho uliisha Januari, na tangu Februari naishi hapa, chumba cha tano. Najilipia kodi kama mpangaji mwingine yeyote. Kwa hiyo ninapouliza orofa mbili zitakaa juu ya nini, nauliza nikiwa chini yake.

Sikukuambia kuhusu shimo kwa sababu sikujua nikuandikie vipi kwamba ndugu yako alitudanganya. Alitutoa Makongeni kila Jumapili kuja kutazama vyuma visivyoshika kitu. Wewe ukawatangazia watu sokoni. Mimi nikajisifu shuleni. Najaribu kumkasirikia na nashindwa, halafu nashindwa pia kutomkasirikia.

Ayuma


Malava, 14 Mei 2025

Ayuma,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Ningejibu siku ileile, karatasi ingeungua.

Usimwite ndugu yangu mwongo. Uliniuliza barua ya kwanza kama nilikuwepo msingi ukichimbwa, nami nikakujibu kwa majivuno badala ya kukujibu ulichouliza. Sasa nakujibu. Nilikuwepo. Nilifunga meza yangu Jericho mapema nikampelekea ugali na mrenda. Alikuwa ndani ya mtaro, mbele, kwenye kona ya lango, na ardhi ilikuwa inamfika kiunoni. Nilimwambia, "Shitanda, unajenga nyumba au unatafuta Uchina?" Akaniambia, "Khavere, watoto wangu watalala juu juu kama ndege." Nilimpa chakula chake humohumo mtaroni. Hilo nililiona kwa macho yangu na hakuna mhandisi atakayelifukua kichwani mwangu.

Lakini nililoliona ni hilo tu. Baadaye mvua kubwa ilikuja, na mwaka uleule reli wakapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Niliporudi tena, kuta zilikuwa zimesimama na nondo ziko juu. Sikuuliza. Ungemwuliza nini mtu aliyetoka kupoteza kazi, halafu anakuonyesha nyumba yake huku anacheka? Chimba ile kona ya mbele. Ukikuta magoti hapo pia, nitakubali neno lako, na nitakaa nalo.

Kuhusu chumba cha tano. Nililia kidogo, kisha nikacheka, maana nilikuambia jamaa asipangishwe, nawe ukajipangisha mwenyewe. Angalau wewe unalipa.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi za benki. Nimeweka saini. Usishangae. Sijaziweka ili ujenge, na sijaziweka ili usijenge. Niko mbali, na nyumba niliyokuwa nikiijua ni ile ya kichwani. Wewe ndiye uliye chini ya paa lenyewe. Sitaki siku moja useme Senge ndiye aliyekuzuia, au Senge ndiye aliyekusukuma.

Ila nondo usizikate, nakuomba. Ukizikata, Kiamaiko nzima itasema nyumba ya Shitanda imefika mwisho wake. Watu wanaoaga dunia huacha deni. Yeye alituacha tukitazama juu. Ziache tu zikae.

Khavere


Kiamaiko, 8 Juni 2025

Senge mpendwa,

Tulichimba kona ya mbele siku ileile barua yako ilipofika. Muthoki alikuwa na kazi kwingine, akaja jioni na viatu vya ofisi, akavivua akashuka mwenyewe. Magoti yalipita. Mapaja yakapita. Alipoona mwisho wa zege alikuwa amesimama ardhi ikimfika kiunoni, na chini ya miguu yake kulikuwa na mwamba. Alipiga kwa jembe mara mbili, akaniangalia, akasema, "Aliyejenga hapa alikuwa anajua anachofanya."

Niliketi juu ya udongo tuliotoa.

Kesho yake tulichimba na nyingine, na nguzo tatu za upande wa mbele ziko hivyo. Ya nne inaanza kupanda. Zilizobaki ni za magotini. Ukitembea kutoka langoni hadi chumba cha Matheka unaweza kuona, kama ukijua, mahali mvua iliponyesha na mahali mshahara ulipokoma. Hakudanganya, Senge. Alianza nyumba moja akamaliza nyingine, na juu yake akachomeka ile ya kwanza ili isisahaulike. Lile neno nililomwita nimelifuta, nakuomba na wewe ulifute.

Karatasi zako zenye saini nilikaa nazo. Sitasema hazikunivuta. Ngigi alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuja na soda. Alisema ningeweza kujenga upande wa mbele tu, vyumba sita, nani atajua. Nilipomwuliza Muthoki alisema vyumba sita upande mmoja vingeivuta nyumba nzima iiname kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. "Lakini tangi," akasema, "tangi la maji kwenye kona ile litakaa mpaka wajukuu wako wazeeke."

Wewe unakumbuka maji ya hapa. Yanakuja siku anayotaka mwenye kuyafungulia, na siku nyingine zote wapangaji wananunua mitungi kwa bei ya kuwakamua. Basi niliwaita wote uani, nikaweka mezani mambo yote: sitapandisha ghorofa, naleta tangi na bomba kwa kila mlango, na maji yakishatoka kodi itapanda kidogo, baada ya notisi ya miezi miwili kwa maandishi.

"Kumbe kuna 'kodi itapanda' huko mwisho," Mourine akasema. "Nilijua hii mkutano ina mkia."

"Unatumia mitungi mingapi kwa wiki?" nikamuuliza.

"Usinifanyie hesabu mbele ya watu, Ayuma."

Matheka akamwambia, "Fanyiwa. Wewe unapika chapati za mtaa mzima na maji ya kununua, halafu unalia faida haionekani." Mourine akatembeza midomo, kisha akasema, "Haya. Lakini bomba langu liwe la kwanza." Wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, sijui nilikuwa najipigia nani.

Kwa hiyo chama chetu cha akiba na mikopo kimenipa mkopo mdogo, kiasi ambacho vyumba vinane vinaweza kulipa katika mwaka wa miezi kumi na moja. Nimeandikiana mkataba na kila mpangaji, mimi wa chumba cha tano nikiwa mmoja wao, na nimefungua akaunti ya dipoziti ambayo haiwezi kuninunulia viatu hata nikitaka. Mwanamke mwenye ploti ya jirani amesikia na ameniomba nimsimamie ya kwake pia, kwa malipo. Nimekubali. Huenda kazi niliyokuwa nikiitafuta mjini ilikuwa imekaa huku Kiamaiko ikichemsha maharagwe kwa siri.

Sasa lile uliloniomba. Nimeliwaza kwa heshima yote. Uliandika kwamba tuziache zikae, na ningeweza kuziacha, maana hazili wala hazinywi. Lakini mimi sitakuwa hapa milele. Siku moja mtu mwingine atashika hati hii, mwanangu au mgeni, na mkandarasi atasimama naye uani na kumwonyesha kidole. Mthamini mwingine atasimama njiani. Hakuna atakayechimba. Zile nondo zitasema uwongo ambao baba hakuusema, na watakaokuwa wamelala chini yake hawatakuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Wakoli alipita hapa leo asubuhi akaliona paa, atakuambia kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo afadhali ulisikie kwangu. Karatasi za benki nilizirudisha Jumatatu, na barua ya kukataa. Jumanne nilimkodi fundi wa kuchomelea, Mourine akafungua kamba zake, Matheka akashika ngazi, na nondo nimezikata. Zote, Senge, isipokuwa zile za kona ya lango. Hizo nimezikunja na kuzifunga kwenye kitako cha tangi, na zege lake limeshakauka.

Mwanao,
Ayuma